H Iliyopigwa Mara Mbili

Njeri na Maina, mmekalia kiti changu na nasikia mmekiwekea mto. Sawa. Kiti kile kiliniumiza mgongo miaka yote ile, sina ugomvi na mto. Ugomvi wangu ni na maneno niliyoambiwa juzi na mteja mmoja hapa mjini Nyeri, kwamba mmemwambia siku hizi duka halina ukali kama wa Mama Wanjira, yaani mimi. Ndiyo sababu nimeketi kuandika. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini, maana mshahara wa fundi wa saa si hadithi. Nitawaambia nilivyofundishwa kusema hapana, na watu walionichukia kwa ajili hiyo, na kwa nini ningesema tena leo mchana kama mngeniuliza.

Niliingia kwa Bi. Zaituni nikiwa nimetoka shule juzijuzi, sijui hata kushika kibano. Duka lilikuwa chumba kimoja. Saa upande huu, pete na mikufu upande ule, na katikati kabati la kioo lenye sarafu za kale. Mumewe alikuwa sonara, akafa, na watu wote wakangoja mjane afunge duka arudi kwa ndugu zake. Hakufunga. Alikuwa mzaliwa wa Majengo, Nyeri hii hii, lakini mama yake alitoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko barabara zetu. Mimi nilikuwa nasema "kitabu yangu" kama watoto wote wa shamba. Hakunisahihisha hata mara moja. Alikuwa ananyamaza tu, ananitazama, mpaka niseme tena vizuri.

Siku ya kwanza alinipa sarafu ya senti kumi ya zamani, ile yenye tundu katikati, akanivalisha lenzi yenye kamba shingoni, akasema nitazame mpaka arudi kutoka kuswali. Aliporudi akaniuliza, "Umeona nini?"

"Nimeona pesa ya zamani."

"Pesa kila mtu anaiona. Nimekuleta hapa uone sarafu."

Nikatazama tena. Ilinichukua siku hiyo yote kuona herufi ndogo, H, ndogo kama punje ya uwele, ambayo nilikuwa nimeipita macho mara zote. Akanieleza kwamba sarafu hizi za ukoloni zilitengenezwa ng'ambo katika viwanda zaidi ya kimoja, na baadhi ya viwanda viliweka herufi zao. Kuna H, kuna KN, na nyingine zisizo na kitu. Herufi hiyo ndiyo kijiji sarafu ilikozaliwa. Wakusanyaji huilipia kuliko chuma chenyewe.

Somo kubwa lilikuja wakati wa masika. Nilikuwa nimepata sarafu ambayo H yake ilionekana mbili, nikamkimbilia nikidhani nimeokota utajiri. Aliiweka chini ya lenzi, akashusha pumzi, akanishika mkono mpaka ua wa nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha na ua wote ulikuwa matope. Mama yule mtu mzima akavua kiatu, akainua kanga yake, akakanyaga tope. Akainua mguu, akakanyaga tena kando kidogo.

"Nyayo ngapi?"

"Mbili."

Akasogea mahali pengine, akakanyaga mara moja, kisha akauachia mguu uteleze kabla ya kuuinua.

"Na hapa?"

Nilisita. "Mmoja. Halafu kuna mburuzo."

"Basi. Ile H yako ni mburuzo. Niletee maji ya miguu."

Nisikilizeni hapa, maana hii ndiyo kazi yenyewe. Sarafu hupigwa na muhuri wa chuma. Zamani fundi wa kiwanda aligonga ile herufi kwenye muhuri kwa mkono, na nyundo. Ikikaa vibaya, aligonga tena juu yake. Hapo muhuri wenyewe una herufi mbili, na kila sarafu inayotoka kwake itazibeba zote mbili, mahali palepale, upande uleule. Hiyo ndiyo ya kweli. Ukiiweka chini ya lenzi utaona herufi ya pili imeinuka kwa haki yake, mabega yake ni ya mviringo, na ncha zake zinachomoza kando ya ya kwanza. Lakini muhuri ukilegea kwenye mashine, hupiga sarafu kisha ukateleza kidogo kabla ya kuinuka. Ule utelezi unakwangua ubavu wa herufi na kuacha kingazi bapa, ngazi ndogo ya chini, inayong'aa kama bati jipya. Mtu anaona mbili. Kumbe herufi haikuongezewa kitu. Imepunguzwa nyama. Na sarafu inayofuata kutoka muhuri uleule huenda ikateleza kwingine, au isiteleze kabisa.

Kwa hiyo, msitazame chini ya taa moja iliyotulia. Zungusheni sarafu polepole mwangaza ukipita ubavuni. Bapa hung'aa yote kwa mara moja na kuzima kwa mara moja. Mviringo hung'aa kidogo kidogo. Shikeni ukingo, si uso. Na mteja akiwaambia ameisugua kwa ndimu na majivu ili mwone vizuri, mwambieni pole, kwa sababu ameshaiharibu na hakuna lingine la kumwambia.

Bi. Zaituni alipofariki duka lilimwendea mwanawe, Idris. Ninyi mnamjua Idris wa sasa, mpole, mwenye mvi. Idris wa wakati ule alikuwa na haraka. Alileta hadubini ya kuunganishwa na kompyuta, na kwa hilo nilimshukuru kwa moyo wote, kwa sababu macho yangu yalikuwa yameanza kuchoka. Halafu zikaja zile video za simu. Mtu asiyejulikana anashika shilingi ya zamani mbele ya kamera na kusema ukiwa na hii yenye herufi mbili, umeomoka, umeshatajirika. Wiki moja tu na foleni ilifika nje ya mlango. Watu walikuja kutoka Othaya, Karatina, mpaka Nanyuki, na sarafu za nyanya zao ndani ya soksi, ndani ya mikebe ya kakao. Nilisema hapana mpaka nikapewa jina. Nyuma yangu waliniita Mama Zii, yaani Mama Hapana. Nilijua. Nilinunua hata kikombe cha chai chenye maandishi hayo, kijana mmoja wa kuchapisha fulana alinitengenezea.

Katika siku hizo akatokea Njagi, dalali wa kutoka Embu, mwenye viatu safi na ulimi laini. Alikuwa na sanduku zima la senti kumi zenye H, kila moja ndani ya kibahasha cha plastiki, na aliziita "herufi mbili." Akaongea na Idris. Idris akaniita nyuma.

"Anti Wanjira, huyu mtu anataka duka limpatie vyeti. Ni karatasi tu. Unaweka sahihi yako, watu wanaijua."

"Umezitazama?"

"Wewe ndiye wa kutazama."

Nilitazama kumi za kwanza mbele yake, kwenye hadubini yake mwenyewe. Zote kingazi bapa. "Hii ni mashine imeteleza, Idris. Mama yako angekurushia kiatu."

Akasema, "Mama hakuwa na kodi kama hii ya leo."

"Basi weka sahihi yako."

Hakuweka. Lakini hakumfukuza Njagi pia, na hapo ndipo mambo yakaenda nyumbani kwetu.

Dada yangu mkubwa, Muthoni, anakaa mtaa wa Skuta. Tangu tukiwa wadogo yeye ndiye wa mbele, mimi ndiye wa kubeba ndoo nyuma yake. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama cha mtaa wao, na walikuwa wamejiwekea akiba ili kila mmoja apate tangi la maji. Njagi alifika kwao kupitia mama mmoja wa kanisa. Akawauzia bahasha chache kwanza, kisha akawaahidi sanduku lote, wakiuza kwa wazungu tangi litakuwa mchezo. Muthoni akawaambia wenzake wasiogope, mdogo wake ndiye fundi wa sarafu hizi. Akanialika Jumapili baada ya ibada. Alinipigia simu kwa furaha. "Njoo useme neno moja tu, ule ngwaci, urudi."

Nilifika nikakuta sebule imejaa, chai ya maziwa inazunguka, viazi vitamu, ndizo ngwaci, vimepangwa kwenye sinia, na Njagi amekaa kwenye kochi la mwenye nyumba. Sanduku lilikuwa magotini pake. Nilijua kabla sijaketi.

Ningeweza kumwita Muthoni jikoni. Nimeulizwa hilo mara nyingi na watu wa familia. Lakini pesa hazikuwa za Muthoni peke yake, na akina mama wale walikuwa wamekaa pale wanangoja kusikia. Nikatandika kitambaa cheusi mezani, nikavua lenzi shingoni.

"Ndugu Njagi," nikamwambia, "chagua wewe mwenyewe tatu zilizo bora."

Akachagua, anatabasamu.

"Hii H imekuwaje mbili?"

"Mafundi wa huko waligonga mara mbili kwa muhuri. Makosa ya kiwanda. Ndiyo maana ni adimu."

"Waligonga H tu?"

"H tu."

Nikamwita mama aliyekuwa karibu nami, Mama Kagendo, mshonaji wa sare za shule, kwa kuwa mshonaji huona uzi. Nikampa lenzi. "Mama, achana na H. Tazama tarakimu za mwaka. Unaona nini kando yake?"

Alitazama muda mrefu. "Kuna kivuli. Kama ya kwa H."

"Kimeegemea wapi?"

"Huku. Kama ile ingine."

"Na maneno ya ukingoni?"

"Ati hata haya? Hata haya iko nayo." Akainua uso. "Lakini amesema ni H peke yake."

Nikawaambia, kama nyundo iligonga H mara mbili, kivuli kwenye mwaka kilitafuta nini? Upande mzima umeburuzwa, herufi, tarakimu na yote, kwa sababu mashine iliteleza. Hizi ni senti kumi za kawaida. Nikapitisha lenzi, kila mama akatazama mwenyewe, kwa zamu, bila mimi kusema lingine. Njagi alianza kueleza juu ya mnunuzi fulani wa ng'ambo, lakini hakuna aliyekuwa akimtazama. Alifunga sanduku lake akasema tutajuta. Pesa za zile bahasha za kwanza hakuzirudisha, na sikumwona tena katika mji huu.

Mlango ulipofungwa, Muthoni aliinuka akaanza kukusanya vikombe, vingine bado vina chai. "Haya," akasema bila kunitazama. "Umefurahi?"

"Mama Wambui," nikamwambia, maana ndivyo nilivyozoea kumwita, "ningesema nini?"

"Ungeniambia mimi. Mimi ni mkubwa wako. Umenivua nguo mbele ya watu wangu, kwa nyumba yangu, na ngwaci yangu iko kwa mdomo yako."

Nilikuwa nimeimeza kweli. Nikaondoka. Tangu siku hiyo Muthoni hakunisemesha. Kwenye mazishi ya mjomba alikaa safu ya mbele, akahakikisha kila kiti cha kando yake kina mkoba. Kikundi kilinunua matangi, polepole, kama walivyopanga mwanzo, na mwenyekiti akawa mwingine. Hilo ndilo lililomuuma, nami siwezi kusema halikuniuma. Lakini sikwenda kuomba msamaha. Nilikwenda kwake mara mbili kumsalimia, na mara zote mbili nikaambiwa ametoka, na nilikuwa nausikia mwiko wake kwenye sufuria.

Dukani nako Idris alinitoa kwenye kabati la sarafu akaniweka kwenye betri za saa. Nilibadilisha betri. Nilizibadilisha vizuri. Na waliotaka kujua ukweli wa sarafu zao walipanga foleni palepale kwenye betri, mpaka Idris akachoka kuona meza moja imejaa na nyingine ina vumbi, akanirudisha bila kusema neno. Nami sikusema. Hivyo ndivyo tulivyopatana, kama mlikuwa mkijiuliza.

Basi asubuhi moja ya baridi, ukungu bado uko barabarani, Muthoni akaingia dukani. Alikuwa amevaa koti la kanisani. Hakunisalimia. Aliweka senti kumi mezani, yenye H, akasema, "Mama mkwe wangu wa Mweiga amenipatia hii. Haya, sema hapana tena."

Niliichukua kwa ukingo. Nikaizungusha kwenye mwangaza. Nikaizungusha tena. H ilikuwa imekaa juu ya H nyingine, miguu ya ile ya chini ikichomoza kushoto, minene, ya mviringo. Tarakimu za mwaka safi kabisa. Maneno ya ukingoni safi. Sikuwa nimeiona ya namna hiyo kwa macho yangu tangu Bi. Zaituni aniachie lenzi. Nikaiweka chini.

"Hii ni ya kweli," nikasema.

Muthoni alinitazama usoni, kisha uso ukamkunjamana. "Usinifanyie hivyo."

"Nini?"

"Unanihurumia. Umechoka kununiwa, sasa unanipatia ndiyo kama peremende. Rudisha pesa yangu."

Wanangu, nimetukanwa na watu wengi kwa sababu ya kazi hii, lakini hakuna tusi lililonichoma kama lile. Nilisimama. "Muthoni," nikamwita kwa jina, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kufanya, "nilikupoteza wewe kwa ajili ya hapana. Unadhani nitauza ndiyo kwa bei ya chini hivyo?"

Wateja waliokuwapo walijifanya wanatazama saa za ukutani.

"Basi nionyeshe," akasema.

Nilimwonyesha kwenye hadubini, lakini haikutosha, wala haikupaswa kutosha. Sarafu moja yaweza kumdanganya hata fundi. Kama muhuri ulikuwa na H mbili, basi mahali fulani kuna ndugu yake, aliyetoka tumbo lilelile, mwenye miguu ileile ikichomoza kushoto kiasi kilekile. Akipatikana, ubishi umeisha. Nikamwambia nitamtafuta. Akasema, "Hutaenda peke yako. Utarudi na hadithi."

Hivyo tukaanza kwenda masokoni pamoja, siku zangu za mapumziko, wanawake wawili wasiosemeshana. Karatina, Mweiga, Kerugoya. Tulitazama sarafu za wauza mitumba, za mafundi wa kufuli, za mzee mmoja aliyezipigilia kwenye kiti chake cha miguu mitatu kama urembo, ikabidi tutazame tukiwa tumepiga magoti. Mwanzoni mimi nilitazama na Muthoni akasimamia. Kisha akachoka kusimama, akaniomba lenzi. Nilimwonyesha bapa na mviringo, mwangaza wa ubavuni, tarakimu za mwaka. Alikuwa mwepesi kuliko mimi nilivyokuwa kwa Bi. Zaituni, na nawaambia hili hata kama atalisoma. Haikupita muda akawa yeye ndiye anayewakatisha watu tamaa. "Hii imeteleza, baba. Hata hii. Pole." Siku moja huko Kerugoya bwana mmoja alimjibu vibaya, na Muthoni akamwambia, "Kasirika, lakini mwaka wako umeburuzwa." Nilicheka. Akacheka pia, kidogo, akitazama pembeni. Siku hiyo tulirudi tukizungumza juu ya bei ya unga.

Tulifika Kagio siku ya soko, mvua ya manyunyu, nyanya zimejaa kwenye makreti mpaka barabarani. Mama mmoja wa nyanya, Mama Micere, alikuwa ameziunga senti kumi za zamani kwenye waya, akazitundika mkononi mwa mzani wake ili ukae sawa. Sikuuliza ulikaa sawa upande wa nani. Tulimwomba tuzitazame. Alikubali kwa sharti tununue kreti, tukanunua. Akatuwekea debe la kukalia.

Mimi nilianza mwisho mmoja wa waya, Muthoni mwisho mwingine, na lenzi ya pili niliyomnunulia bila kumwambia ni zawadi. Nilisema hapana, yeye akasema hapana, tukisogea kuelekeana. Kisha upande wake ukanyamaza. Nilipogeuka, alikuwa ameshika sarafu kwa ukingo, anaizungusha polepole kwenye mwanga uliopita kati ya turubai mbili. Alitoa ile ya Mweiga mfukoni, akanikabidhi zote mbili.

Nilitazama ya kwanza. Nikatazama ya pili. Miguu ileile, kushoto, kiasi kilekile.

"Ndiyo?" akauliza.

"Wewe umeonaje?"

"Mimi nimeona ndiyo."

"Ni ndiyo."

Mama Micere alikuwa akitutazama, jani la mgomba kichwani kwa sababu ya mvua. "Ni nini? Ni ya pesa ngapi?"

Niliona Muthoni anamtazama mama yule, anatazama waya, anatazama kreti la nyanya. Angeweza kuipata sarafu ile kwa bei ya kilo mbili. Mimi sikufungua mdomo. Nilitaka kujua, na niliogopa kujua.

Muthoni aliichomeka sarafu kwenye waya, akaupinda mwisho wake kwa nguvu isidondoke, akamrudishia.

"Mama, hii moja ni adimu," akasema. "Ni kama hii yangu. Itoe kwa mzani, uifiche kwa nyumba. Mtu akija kuinunua haraka haraka na viatu safi, mwambie hapana. Kwanza uje Nyeri umwonyeshe huyu."

"Na huyu ni nani?"

Muthoni akajifunga kitambaa chake vizuri kichwani, akainama kushika upande mmoja wa kreti, akanipigia kelele nishike ule mwingine.

"Ni mdogo wangu," akasema. "Hajui kuongea na watu vizuri. Lakini hajawahi kunidanganya."